Maziwa Nyuma ya Kindege

Tisa ya kwanza, siku ya kwanza

Khulan, umekaa mno. Usiniambie kazi, usiniambie mtoto anasoma, usiniambie barabara. Barabara hiyo hiyo huleta lori la Luvsan, na Luvsan ni nusu kipofu. Mjukuu wangu ananijua kwa sauti ya simu tu, kama vile bibi yake ni redio.

Basi nimeamua kukuandikia kidogo kidogo baridi yote hii. Ukija utasoma kwa mkupuo na utaona haya. Herufi ni zile ulizonifundisha mwenyewe ulipokuwa ukirudi likizo, kwa kidole kwenye unga. Shuleni sikukanyaga hata siku moja, kwa hiyo mwandiko ukikushinda, lawama ni za mwalimu.

Wewe wa mjini umeshasahau tunavyohesabu, nakukumbusha. Leo ndiyo siku fupi kuliko zote. Kuanzia leo tunahesabu baridi kwa siku tisa tisa, na mpaka tisa ya tisa iishe, hakuna wa kusema amepona.

Theluji ilianguka mapema, ikayeyuka siku moja, ikaganda. Nyika yote imevaa kioo. Kondoo wanapiga kwato mpaka miguu inatoka damu. Nyasi wanaziona chini ya kioo na hawazifikii. Hali hii ina jina, zud, na mimi silitaji jina hilo ndani ya hema langu. Nimeliandika hapa tu, mara moja, basi.

Tisa ya kwanza, siku ya tatu

Baridi. Nimechota theluji ya chai. Hakuna jingine.

Tisa ya kwanza, siku ya tano

Kakako Davaasuren hajambo, ila amekonda usoni. Farasi wetu wako ng'ambo ya kilima, Bonde la Mierebi, wanajitafutia wenyewe kama farasi wote wa majira haya. Zamani angepanda kwenda kuwaangalia na kurudi jioni ndevu zimeganda. Siku hizi mkewe anarusha kindege.

Sijawahi kukuambia ninavyomwona Nomin, sasa nakuambia. Ni msichana wa mji wa mkoa, alikuwa akipiga picha za harusi. Amekuja kwetu na sanduku moja la nguo na sanduku moja la hicho kidude chenye mapanga manne na jicho moja chini ya tumbo. Droni, ndivyo wanavyokiita. Kukamua anajua, nisimsingizie. Lakini asubuhi, wakati mwanamke mwenye akili anavunja samadi kavu ya kuwashia moto, yeye amekaa juu ya kigoda anapuliza vidole na kuangalia kioo cha simu.

Leo nimemwona anaingiza kitu kifuani, ndani ya joho. Nikamwambia, "Kama ni jibini, kula hapa, hakuna anayekunyima."

Akafungua joho akanionyesha. Betri mbili, kila moja ndani ya soksi ya sufi.

"Zikipoa zinakufa, Mama. Zinakudanganya kwamba zimejaa, ukifika katikati zinazima ghafla."

"Kwa hiyo unazinyonyesha."

"Ndiyo. Na hazing'ati."

Ana mdomo. Sikuujua.

Tisa ya kwanza, siku ya nane

Nimegombana naye, na bado sijui nani ana haki.

Kindege hulala nje, kwenye mkokoteni, ndani ya sanduku. Usiku ulikuwa mkali, mbwa analia. Alfajiri nikakihurumia. Mwana-kondoo akizaliwa baridi hii unamleta ndani, hujiulizi. Nikakileta hicho nacho, nikakiweka karibu na jiko juu ya sufi. Kikapata joto vizuri.

Nomin alipokitoa nje kikafuka kama sufuria, halafu kikawa cheupe chote, mapanga na jicho, kama mtu aliyetembea usiku kucha. Akakitazama. Akakirudisha sandukuni.

"Leo hakiruki, Mama. Hewa ya ndani ina maji. Imekishika, sasa imegandia mpaka ndani ya mota. Betri zinalala na sisi, lakini chenyewe kinalala nje, kizoee baridi."

"Yaani kimechoka kwa sababu nimekipa joto."

"Hakijachoka. Kimelowa."

Davaasuren akatandika farasi akaenda mwenyewe, akarudi usiku hawezi kufungua mkono. Nikasema kwa sauti, wasikie wote wawili, kwamba wapo watu wakitafuta sababu ya kutofanya kazi hawaikosi. Nomin akammiminia mumewe chai bila kunitazama.

Tisa ya pili, siku ya pili

Kunguru wamekuja. Wako juu ya zizi, hawafanyi chochote. Wanangoja.

Tisa ya pili, siku ya nne

Kondoo wawili asubuhi, wamesimama wamekufa, wamegandia pamoja. Ilibidi kuwatenganisha kwa shoka.

Tisa ya pili, siku ya tano

Luvsan amekuja na magunia ya nyasi kavu na habari mbaya za kila kambi. Amekunywa chai yangu bakuli baada ya bakuli, ananitazama kwa jicho lake moja zima.

"Dada Dolgor, umekuwa mwembamba, nitakuoa."

"Nioe, nikuzike kabla ya tisa ya nne, nirithi lori."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamwona Nomin na kindege chake. "Bibi harusi wa picha, leo unapiga harusi ya nani? Ya kunguru?"

Nomin alitandika chini kile kipande chake cha sufi nyeusi. Nimekwishaona sababu yake: juu ya theluji tupu kindege hakijui ardhi iko wapi, kila kitu cheupe, kinababaika. Akakiweka juu ya weusi. Akakinyanyua mpaka kimo cha fimbo ya kunasia farasi, akakiacha hapo kinanguruma mahali pamoja, damu ikipande kwanza. Ndivyo anavyofanya siku zote. Hakiendi mbali kabla hajakisikia kimepata moto.

Nami, Khulan, nilianza kukizoea. Ukitazama kila asubuhi kitu kinatoka kwenye boma lako kinaenda baridini kwa ajili yako na kinarudi, utakuwa na moyo wa jiwe usipokitakia mema. Davaasuren anapotoka namnyunyizia maziwa nyuma yake, aende na kurudi salama. Wewe nilikunyunyizia ulipoondoka, gari lako lote lilikuwa na matone. Kwa nini hiki kisipewe?

Nikachukua kijiko cha mbao chenye matundu tisa, nikachovya kwenye maziwa ya moto, nikarusha juu, nyuma yake, kama inavyorushwa. Matone yalipanda vizuri. Kikaondoka kuelekea kilimani.

Hakikufika. Tulikisikia kinabadilisha sauti, kinatetemeka kama mgonjwa wa homa, kikapinduka, kikaanguka kwenye mawe ya kisima cha zamani.

Nomin alikwenda kukichukua kwa miguu. Niliona anainama, anafuta kitu kwa dole gumba, anafuta tena. Akarudi nacho kimevunjika mapanga.

"Nini?" nikamuuliza.

"Upepo, Mama."

Hapakuwa na upepo. Moshi wa jiko ulikuwa umesimama wima. Luvsan akanitazama, mimi nikamtazama. Nikamwambia, naye Nomin anasikia, "Umeona? Hata uwongo wake hajautengeneza."

Tisa ya tatu, siku ya kwanza

Yamebaki mapanga ya akiba seti moja tu, ameyafunga. Amesema sasa atarusha siku ya lazima, si kila siku. Kakako anapanda farasi tena.

Tisa ya tatu, siku ya tatu

Kondoo. Sitaki kuandika wangapi.

Tisa ya tatu, siku ya sita

Leo nimejua. Utavumilia mwandiko.

Tulikuwa tunakula. Nyama ipo, nyama ndiyo tuliyo nayo tele, kila anayekufa tunamla. Davaasuren alirudi bila kuwaona farasi. Wametoka Bonde la Mierebi, wamefuata nyasi, hajui upande gani. Amechoka, macho mekundu kwa theluji. Nikasema, "Kama mtu asingevunja kindege kwa kuchezea simu, sasa hivi tungejua."

Kakako akaweka bakuli chini.

"Mama, ni maziwa yako."

"Davaa," Nomin akasema.

"Mwache ajue. Mama, ni maziwa. Matone yaligandia kwenye mapanga. Panga moja likawa zito kuliko mengine. Ndiyo maana kilitetemeka. Nomin aliyakuta yameganda, akayafuta usiyaone."

"Nilikwambia usimwambie."

"Anakutukana kila siku kwa ajili yake."

"Ananitukana mimi. Wewe umetukanwa?"

Mimi nikavaa kofia nikatoka. Nilivunja samadi ya kutosha siku kadhaa. Nilikuwa naivunja na kuivunja tena, vipande vimekuwa unga. Msichana yule amebeba aibu yangu tangu siku ile, na mimi nilimpiga nayo mbele ya Luvsan.

Niliporudi ndani nilitaka kusema neno. Alikuwa ameniwekea chai karibu na jiko ikae moto. Nilikunywa chai. Neno sikulisema.

Tisa ya nne, siku ya kwanza

Davaasuren ameondoka mapema kuwatafuta farasi, amemchukua yule wa kijivu. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nikakitazama. Nikakirudisha.

Sikumnyunyizia.

Tisa ya nne, siku ya pili

Dhoruba ilianza jana mchana. Hajarudi.

Tisa ya nne, siku ya tatu

Hajarudi. Upepo unalisukuma hema, tumefunga kamba kwa mawe. Luvsan amekuja kwetu kwa farasi, akatoka kumtafuta, akarudi kabla hajafika kilimani, farasi wake hakubali kugeuza uso upande ule. Lori halipiti. Nomin hajalia. Amekaa betri kifuani, anatazama tundu la moshi, anasikiliza upepo. Nilimwambia ale, akala. Sijapata kuona mtu anakula namna hiyo, kama anapakia mzigo.

Ninafikiria kijiko. Miaka yote hii hakuna aliyetoka mlangoni pangu bila maziwa. Mmoja tu, na siku hiyo moja.

Tisa ya nne, siku ya nne

Naandika jioni. Nitaandika yote kama yalivyokwenda.

Upepo ulitulia kulipokucha. Baridi iliyokuja baada yake sina neno lake. Ukipumua unaisikia pumzi inakatika. Luvsan alilala kwetu. Akasema, "Anga hili linadanganya. Mchana litafunga tena." Kila mmoja alijua maana yake. Kama hatumpati kabla ya mchana, hatumtafuti tena mtu hai.

Nomin akatandika sufi nyeusi. Akavaa glavu nyembamba za vidole ndani ya zile kubwa. Simu ameifunga kwa sufi ya ngamia, kioo tu kinaonekana, maana simu nayo huzimika baridi ikiishika. Betri moja aliitoa kifuani kwake. Ya pili akanipa mimi.

"Iweke kwenye ngozi yako, Mama. Si juu ya shati. Kwenye ngozi."

Nikaiweka. Baadaye akanitazama.

"Kijiko kiko wapi?"

"Nomin, niache."

"Kiko wapi, Mama?"

"Niliyoyafanya na kijiko yanatosha."

Akaingia mwenyewe hemani, akatoka nacho na bakuli la maziwa. Maziwa aliyapasha saa ngapi sijui. Akanishika bega akanigeuza. "Kindege bado kimo sandukuni, nimekifunga. Hewa inavuta kwenda kule. Rusha kule. Mrushie mume wangu, mimi sijui maneno yake."

Nilirusha. Niliyasema maneno yote ya mama yangu na mengine ambayo hayapo. Matone yaligandia hewani, tuliyasikia yakianguka juu ya theluji kama punje.

Ndipo akafungua sanduku.

Akakipandisha hadi kimo cha fimbo akakisubirisha. Luvsan anakanyagakanyaga, "Kiende basi, kiende." Nomin hakumsikia. Alikuwa anatazama namba za betri, kama zinashuka polepole au zinaporomoka. Zikatulia. Akakiacha kiende.

Mimi sijawahi kutazama kile kioo, nilikuwa nakidharau. Leo nilikitazama. Nyika yetu yote kutoka juu, nyeupe, hakuna kitu, hakuna kitu, mstari wa mawe, hakuna kitu. Bonde la Mierebi tupu. Akakivusha ng'ambo, kufuata ukingo wa korongo. Mbali sana, penye ukungu wa barafu, doa jeusi.

"Lile," nikasema.

"Nimeliona."

"Sogea."

Akakisimamisha. "Nusu," akasema. "Betri imefika nusu. Narudi."

Khulan, nilimshika nywele. Kweli, nilimshika nywele zilizotoka kofiani. "Yule ni mumeo. Wewe mwanamke, mumeo yule pale unamgeuzia mgongo."

"Kilikwenda na upepo mgongoni, Mama. Kurudi unakipiga usoni. Nikikisogeza kitaangukia huko na hatutajua lile doa ni nini."

"Ni yeye."

"Inaweza kuwa jiwe. Si kwamba simtaki. Narudi ili niende tena. Niachie nywele, naona vibaya."

Nikaachia.

Kilirudi kimechoka, sauti nyembamba. Kilipokuwa juu ya sufi nyeusi zile namba ziliporomoka zote kwa pamoja, kikadondoka kutoka kimo cha goti na kuzima. Nikatazama pale kilipodondoka. Nikatazama kule kwenye doa. Hapo akili yangu ikanijia. Kama angenisikiliza mimi, kingekuwa chini ya korongo.

Akanyoosha mkono bila kugeuka. Nikaitoa betri kifuani, ina joto langu. Ilinichubua ngozi nilipoitoa na sikusikia maumivu.

Safari hii hakutafuta. Akakipeleka moja kwa moja kwenye doa.

Farasi. Yule wa kijivu, amesimama, tandiko mgongoni, kichwa chini, mgongo wote barafu. Peke yake.

Nomin akakishusha kidogo, akakizungusha taratibu upande wa pili wa farasi, ule upande usio na upepo. Kwenye shimo la theluji, chini ya tumbo la farasi, joho la kahawia. Buti mbili zimetoka nje. Hazisogei.

"Ni Mawe ya Ndama," Luvsan akasema. "Nayajua yale mawe. Nayajua." Alikuwa ameshaanza kukimbilia farasi.

Nomin alikisubirisha kidogo zaidi. Akakishusha chini, kelele zake zimfikie. Tulitazama buti. Farasi alitikisa sikio. Buti hazikutikisika.

Akakirudisha. Alikirudisha kwa utaratibu ule ule, akakituliza juu ya sufi, akatoa betri akanipa, akafunga sanduku. Halafu akapanda farasi nyuma ya Luvsan, wakaondoka wanaongoza ngamia wetu wa mizigo.

Nilibaki na mbwa na betri mbili kifuani. Anga lilianza kufunga kama Luvsan alivyosema. Niliwasha jiko, nikalizima nusu, nikaliwasha. Niliona kunguru wanaondoka juu ya zizi wote kwa pamoja kuelekea kule. Hilo ndilo lililonishinda. Nilitoka nikawatupia samadi, nikawatukana matusi ambayo marehemu baba yako angeyasikia angeniacha.

Wamerudi theluji ikiwa imeshaanza. Amefungwa juu ya ngamia kama zulia. Nikagusa shingo. Shingo ina joto.

Buti tumezikata kwa kisu. Miguu ni myeupe na migumu, ukigonga inalia kama kuni. Luvsan alitaka kuisugua kwa theluji, kama walivyofanya wazee, Nomin akamsukuma. Nikaivuta karibu na jiko. Akanisukuma na mimi. Akafungua joho lake, akaiweka miguu ya mumewe juu ya tumbo lake, pale pale zilipokuwa betri, akafunga joho. Amekaa hivyo mpaka sasa. Davaasuren ameanza kupiga kelele kwa maumivu na Luvsan anasema ni dalili njema.

Sauti ya mwanangu sitaisahau.

Tisa ya nne, siku ya saba

Katapila limefungua njia. Wamemchukua hospitali ya mkoa, Nomin amekwenda naye. Kondoo niko nao mimi na Luvsan. Hapigi utani tena, na hilo linanisumbua zaidi.

Tisa ya tano, siku ya pili

Simu imeshika kwa muda mfupi. Wamekata. Kulia nusu ya mguu, kushoto vidole vyote.

Tisa ya tano, siku ya tatu

Leo sikutaka kula. Nimekula.

Tisa ya tano, siku ya nane

Nomin amerudi peke yake kusaidia kondoo, kwa lori la Luvsan. Kitu cha kwanza alikwenda kwenye mkokoteni kuangalia sanduku, akakuta nimeliacha nje, limefunikwa, halijaguswa. Betri niko nazo. Nililala nazo siku zote hizo ingawa hapakuwa na wa kurusha.

"Mama, kifua chako kimechubuka."

"Na wewe tumbo lako?"

Akanionyesha. Lina alama mbili nyekundu, za nyayo.

Nikamwambia neno ambalo sikulisema siku ile ya chai. Nililisema vibaya, nilianza na kondoo, nikazunguka mpaka kwa Luvsan. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nywele zimeshaota, Mama." Akaenda kukamua.

Tisa ya sita, siku ya nne

Amerusha kutafuta farasi. Nilirusha maziwa kwanza, kule upepo unakokwenda, sanduku limefungwa. Sasa ndivyo tunavyofanya.

Aliwapata. Nilijua kwa jinsi alivyogeuza kioo nisione.

"Nionyeshe."

"Mama, usi—"

"Nionyeshe. Wale nimewapa majina."

Wako ndani ya korongo, wamejipanga ubavu kwa ubavu, theluji mpaka migongoni. Ukiwatazama utasema wamelala. Jike jeusi alilolipanda baba yako limesimama mbele ya wote. Dhoruba iliwasukuma wakaingia, hawakuweza kutoka. Davaasuren alikuwa karibu nao kuliko tulivyodhani. Labda aliwaona.

Nomin akakirudisha betri ilipofika nusu. Hata hapo.

Tisa ya saba, siku ya tatu

Ameletwa. Daktari alitaka abaki, yeye hakutaka. Amekaa upande wa kaskazini wa hema, uso mlangoni. Hajauliza farasi, na sisi hatujasema. Nomin ndiye anayetoka. Anapanda yule wa kijivu, ndiye farasi aliyebaki, na anaondoka na fimbo ya mumewe. Davaasuren anamtazama anavyotoka. Asubuhi ananyoosha mkono, namwekea betri, anaziingiza kifuani mwake. Ndiyo kazi yake sasa.

Tisa ya saba, siku ya tano

Jana alijaribu kusimama nilipokuwa nje. Nilisikia kishindo. Niliporudi amekaa mahali pake, bakuli limepinduka, ananiambia ni mbwa. Mbwa alikuwa na mimi.

Tisa ya saba, siku ya sita

Bado baridi haijaisha. Jike moja la kondoo limezaa kabla ya wakati wake. Mwana-kondoo yuko ndani, anapumua kwa kuruka ruka. Usiku huu utasema.

Khulan, mwaka mpya wetu, ule wa kuhesabu kwa mwezi, umekaribia. Singoji tena uje ndipo usome, Luvsan atakutumia karatasi hizi kutoka mji wa mkoa: safari hii uje. Luvsan atakuchukua kutoka mji wa mkoa, nimeshamwambia, na mtoto umlete, umvalishe ngozi si yale makoti ya mjini.

Ukiingia, kakako atataka kusimama akupokee. Usimwambie akae. Usimshike kwapani, usimwite Nomin. Wewe ni mdogo wake. Nyoosha mikono, viganja juu, uiweke chini ya mikono yake kama mdogo anavyomsalimu mkubwa siku hiyo, na umwache anyanyuke juu yake. Ni mzito bado. Uzito ukikuangukia, muulize kama amepitisha baridi salama, kama inavyoulizwa, na usiondoe mikono mpaka amalize kujibu.